Vijana na Nguo Zao: Kwa Nini Wanunua Hizi na Kwa Nini Waziacha Zile



Katika somo la mwezi huu twataka kuchunguza jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa dogo, nalo ni nguo za vijana wetu. Huenda mmoja wenu atasema, Nguo ni mambo ya soko na duka, ya nini kuyafanyia somo? Twawaomba mvumilie kidogo. Maana nguo moja, kabla haijafika mwilini mwa kijana, imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi: mkulima wa pamba, msokota nyuzi, mfumaji, mtia rangi, mshonaji, mchukuzi, na mchuuzi. Tena ikiisha kuvuliwa na kutupwa, yaendelea kukaa duniani, jaani au mtoni, muda wa miaka mingi. Na kwa ajili ya nguo wako watu waliopoteza maisha yao, kama tutakavyoona. Basi si jambo dogo.

Na tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka jana kwaya ya vijana ya usharika wetu ilileta shauri la kushona sare mpya kwa ajili ya sikukuu ya uimbaji. Sare iliyokuwapo ilikuwa na miaka miwili tu, na kitenge chake hakijapauka. Wazee walikubali, nasi tukakubali, pasipo kuuliza hata neno moja. Kila mwimbaji alipaswa kutoa shilingi 55,000, kitambaa pamoja na ushonaji. Baada ya miezi miwili tulitambua ya kuwa binti mmoja, mwenye sauti ya pili iliyo njema, haonekani tena mazoezini. Tukadhani amepoa. Tulipokwenda nyumbani kwao, mama yake alifungua sanduku akatuonyesha sare ya zamani, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Akasema, "Mchungaji, nguo hii bado nzima. Wenzake wamekopa ili washone mpya. Mimi nilikataa kukopa, naye akaona haya kuja."

Hatukuwa na jibu la kumpa mama yule. Tulirudi tukaketi na vijana jioni tatu, tukawauliza, si kwa kuwakemea, bali kwa kutaka kujua: Ni nini kinachowafanya mnunue nguo hii na kuiacha ile? Yale tuliyoyasikia tumeyalinganisha na mambo waliyoyachunguza wenye elimu katika nchi nyingine, na somo hili limetoka katika hayo mawili.

I. MAVAZI ENDELEVU NI NINI?

Siku hizi watu husema habari ya "mavazi endelevu". Maana yake ni nguo zilizotengenezwa na kutumiwa kwa namna isiyoharibu ardhi, maji na hewa kupita kiasi, wala isiyomwonea yule aliyezitengeneza. Ndani ya neno hili mna maswali matatu. La kwanza: Kitambaa hiki kimetoka katika kitu gani? La pili: Nani alikishona, na alilipwaje? La tatu: Nguo hii itavaliwa muda gani?

Watu wengi hulitazama swali la kwanza peke yake, wakidhani kwamba pamba ni njema na nailoni ni mbaya, basi, yamekwisha. Walakini swali la tatu lina nguvu kuliko wanavyofikiri. Shirika moja la Uingereza liitwalo WRAP lilionyesha mwaka 2012 ya kwamba nguo ikitumiwa miezi tisa zaidi ya desturi, madhara yake kwa hewa, maji na taka hupungua kwa asilimia 20 hata 30. Kumbe mama ashonaye kifungo kilichokatika, na fundi atiaye kiraka katika suruali ya mwanafunzi, wamekuwa wakiifanya kazi hii siku zote, ijapokuwa hawakuijua kwa jina lake jipya.

II. KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO?

Taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilitoa taarifa mwaka 2017 ya kwamba, katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, utengenezaji wa nguo duniani umekuwa kama mara mbili ya ulivyokuwa. Lakini katika muda huo huo, idadi ya nyakati ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ilipungua kwa asilimia 36. Maana yake watu wanunua nyingi, wazivaa kidogo, wazitupa mapema. Tena taarifa ile ilisema kwamba katika vitu vyote vitumiwavyo kufanyiza nguo, haifiki sehemu moja katika mia irudiyo kuwa nguo mpya.

Fikirini habari ya maji. Hukadiriwa ya kwamba shati moja la pamba lataka lita 2,700 za maji, kutoka shambani hata dukani. Mwanamke achotaye maji kwa ndoo ya lita 20 na ajaribu kuhesabu: ni ndoo 135 kwa shati moja. Na nguo zisizo za pamba je? Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zitengenezwazo duniani sasa ni za poliesta, nayo hufanyizwa kwa mafuta yatokayo ardhini, yale yale yatupatiayo petroli. Nguo za namna hii zikifuliwa hutoa vinyuzi vidogo sana vya plastiki, visivyoonekana kwa macho, vikaingia katika mito na bahari.

Sasa tufikirie watu. Siku ya 24 Aprili 2013, mahali paitwapo Savar karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza lilianguka. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya kushonea nguo zilizopelekwa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla yake, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa katika jengo hilo ikawaondoa watu wake. Lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini asubuhi. Watu 1,134 walikufa, na wengine kama 2,500 wakaumia. Wengi wao walikuwa wanawake vijana, wa umri ule ule wa waimbaji wetu. Baada ya msiba huo, katika mwezi wa Mei mwaka ule, makampuni mengi ya nguo yalifanya mapatano na vyama vya wafanyakazi, majengo ya viwanda vya nchi ile yapate kukaguliwa. Hilo lilikuwa jema. Walakini lilipatikana baada ya makaburi.

III. HABARI YA MITUMBA

Hapa kwetu hatuwezi kusema habari ya nguo za vijana tusiseme habari ya mitumba. Mtumba, kama mjuavyo, ni mzigo uliofungwa. Na jina la mzigo limekuwa jina la nguo zilizomo. Wazee wetu waliziita pia "kafa Ulaya", wakidhani kwamba Mzungu hawezi kuitoa nguo iliyo nzima ila akiwa amekufa. Sasa twajua kwamba hakufa. Amechoka nayo tu.

Katika siku za Ujamaa biashara hii ilizuiwa Tanzania, na taifa likajenga viwanda vyake. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina. Mwanza palikuwa na Mwatex, Musoma Mutex, Arusha Kiltex. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nguo za nje ziliingia kwa wingi, mitumba pamoja nazo, na viwanda vingi, ambavyo vilikuwa vimekwisha kudhoofika kwa sababu nyingine pia, vikafifia au kufungwa. Hata leo pamba hulimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, lakini sehemu kubwa yake hutoka nchini ikiwa pamba tu, na huturudia ikiwa nguo.

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kwamba mitumba ikomeshwe kidogo kidogo, ikome kabisa katika mwaka 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Baada ya hapo nchi nyingine zote zilirudi nyuma, lakini Rwanda ilishikilia: ilikuwa imeongeza ushuru kutoka senti 20 za dola hata dola mbili na nusu kwa kilo. Mwezi wa Julai 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda ruhusa ya kuingiza nguo zake kule pasipo ushuru. Twayataja hayo ili mwalimu asidhani kwamba jambo hili liko mikononi mwa kijana peke yake. Yako mambo yaliyo makubwa kuliko mfuko wake.

Basi mitumba ni njema au mbaya? Twaona kwamba jibu si moja. Kijana wa Moshi aendaye soko la Memorial akachagua koti lililovaliwa Ujerumani, ameongeza maisha ya koti lile. Ametenda lile ambalo vijana wa Ulaya hutiwa moyo walitende. Hilo ni jema. Walakini ndani ya robota moja, ambalo kwa kawaida huwa na kilo 45, nguo za gredi ya kwanza ni chache. Nyingine zina madoa, zimechanika, au hazifai kwa nchi ya joto. Mchuuzi amelinunua robota limefungwa, hajui limo nini, na hasara ni yake. Huko Accra, nchi ya Ghana, katika soko kuu la Kantamanto, hukadiriwa kwamba nguo milioni 15 huingia kila juma, na zisizouzika huishia majaani, mitaroni na pwani. Yaani nchi iliyochoka na nguo zake imeipelekea nchi nyingine nguo na jaa pamoja.

IV. MAMBO YAWAZUIAYO VIJANA

Katika jioni zile tatu vijana walisema mambo mengi. Tumeyakusanya katika matano.

1. Bei. Hili lilitajwa kwanza na kila mmoja. Shati jepesi la dukani ni rahisi, na lililo imara ni ghali. Tulijaribu kuwafanyia hesabu. Tuseme shati moja lauzwa shilingi 8,000, lavaliwa mara kumi kisha lapoteza umbo. Kila siku ya kulivaa imegharimu shilingi 800. Lingine lauzwa shilingi 24,000, nalo lavaliwa mara sitini. Kila siku imegharimu shilingi 400. Basi lililo ghali ndilo rahisi. Hesabu ilikuwa sahihi, nasi tulifurahi. Ndipo kijana mmoja achomaye vyuma akasema kwa adabu, "Baba Mchungaji, hesabu nimeielewa. Lakini leo mfukoni nina 8,000." Tukanyamaza. Mtu apataye fedha yake siku kwa siku hana nafasi ya kuchagua kama mwenye mshahara wa mwezi. Mwalimu asimhesabie umaskini kuwa ni ujinga.

2. Macho ya wenzao. Zamani nguo ilionekana kwa waliokuwapo siku ile. Sasa hupigwa picha kwa simu, ikatumwa, ikakaa. Na msichana akiisha kupigwa picha katika gauni, huona haya kuonekana nalo mara ya pili. Tena sisi wakubwa tumeongeza mzigo huo: sare ya harusi, sare ya kumuaga binti, sare ya kipaimara, sare ya jumuiya, na kila moja na kitambaa chake. Mwaka 2012 Annamma Joy na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya kwa vijana wa Hong Kong na Canada. Waliona kwamba vijana wale waliojali sana habari ya dunia na chakula kisicho na sumu, walipofika katika nguo hawakuyafuata waliyoyasema. Walitaka kuonekana wapya. Basi jambo hili si la vijana wetu peke yao.

3. Kutojua, na kutoamini. Wengi hawakuwa wamesikia habari ya Rana Plaza. Mmoja aliyeisikia aliuliza, Nitajuaje kwamba nguo hii haikutoka mahali kama pale? Swali hilo ni gumu. Yako makampuni yaandikayo katika nguo zao maneno mazuri ya kusifu usafi wao. Tume ya Ulaya ilichunguza maneno ya namna hii mwaka 2020, katika bidhaa za kila aina, ikaona kwamba asilimia 53 yalikuwa hayaeleweki vema, au yanapotosha, au hayana msingi. Mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja hataki kulipa zaidi kwa ajili ya maneno.

4. Umbo na upatikanaji. Wasichana walisema kwamba nguo imara zilizo nzuri hazipatikani kwa vipimo vyao, au zina mshono wa watu wazima. Kijana hawezi kupenda nguo kwa sababu ya wema wake tu. Yampasa aipende pia akijitazama kiooni. Hili si dhambi. Hata sisi tulipokuwa vijana tulichana nywele mbele ya kioo.

5. Kuona kwamba tendo lake ni dogo. Wako waliosema, Shati langu moja litaokoa nini? Wachunguzi wanaijua hali hii. Katherine White na wenzake waliandika mwaka 2019 habari ya maulizo moja ambayo watu 65 katika mia walisema wanataka kununua vitu vya makampuni yenye kujali dunia, lakini walionunua kweli walikuwa kama 26 tu. Kati ya neno na tendo pana bonde, na kijana hujikuta bondeni pamoja na baba yake na mchungaji wake.

V. MAMBO YAWAVUTAYO

Sasa tusikie upande wa pili, maana hakuna faida kujua kizuizi usipojua kivutio.

Kwanza, vijana huvutwa na faida waionayo wenyewe. Mmoja alieleza kwamba alishonewa suruali ya kaki na fundi miaka minne iliyopita, na akaivaa kazini mpaka leo; alitaja mahali pa kila mshono uliorudiwa, kama mtu asimuliaye safari. Hakutaja dunia wala hewa. Alitaja suruali. Mwalimu mwenye hekima ataanzia hapo.

Pili, hupenda kuwa na kitu ambacho mwingine hana. Hii ndiyo nguvu kubwa ya mitumba kwa vijana: katika robota nguo moja haina pacha. Na nguvu hiyo hiyo anayo fundi cherehani wa barazani, maana aweza kumshonea mtu kwa kipimo chake na kwa shauri lake. Tamaa ya kuonekana, iliyotajwa juu kuwa kizuizi, yaweza kugeuka kuwa msaada, ikiwa kijana atasifiwa kwa ustadi wa nguo yake na si kwa upya wake.

Tatu, mfano wa wenzao. Huko Marekani wachunguzi watatu, Goldstein, Cialdini na Griskevicius, walitangaza mwaka 2008 jambo walilolijaribu katika hoteli. Katika vyumba vingine waliweka kadi ya kuwaomba wageni watumie taulo zao tena ili kuitunza dunia. Katika vyumba vingine waliandika kwamba wageni wengi wa hoteli ile hutumia taulo zao tena. Kadi ya pili ilitii zaidi watu. Na waliposema "wageni waliolala katika chumba hiki hiki", ilizidi tena. Basi mtu hamfuati sana mhubiri wa jambo. Humfuata jirani yake alitendaye. Ikiwa viongozi watatu wa kwaya watavaa nguo za zamani bila haya, watafundisha kuliko masomo yetu kumi.

Nne, kumjua aliyeshona. Baada ya msiba wa Bangladesh kilianzishwa Uingereza chama kiitwacho Fashion Revolution, kiwafundishacho wanunuzi kuyauliza makampuni ni nani waliozishona nguo zao. Ulizo hilo kwetu si geni. Wasomaji wanakumbuka habari ya Tabitha wa Yafa katika Matendo ya Mitume, sura ya 9: alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuzionyesha kanzu na nguo alizowashonea. Nguo zile zilikuwa na jina la mtu ndani yake. Vijana wetu walipouliza majina ya mafundi wa kijiji, waliona kwamba katika nguo za dukani hawajui hata jina moja.

Tano, ustadi wa mkono. Tulishangaa kuona ni wangapi wasiojua kushona kifungo. Tulishangaa zaidi kuona ni wangapi waliotaka kufundishwa.

VI. YATUPASAYO KUFANYA

Hatuandiki amri. Twaeleza yale tuliyoyaanza, ili sharika nyingine ziyapime.

Sare ya kwaya haitabadilishwa kabla ya miaka mitano, na mwimbaji mpya atapewa iliyoachwa na aliyehama, ikarekebishwa na fundi. Neno hili liliamuliwa na vijana wenyewe, si na wazee. Haikuwa rahisi, maana nusu yao walikuwa wamekwisha kushona mpya kwa fedha za kukopa, nao walinung'unika, tena walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa sisi ndio tuliowaruhusu. Mwishoni walikubali kwamba sikukuuni waimbe katika sare ya zamani wote, na ile mpya ikae mpaka zamu yake. Yule binti alirudi mazoezini. Walakini katika kuuliza kwetu tuligundua kwamba wako wawili wengine walioondoka kwa sababu hiyo hiyo katika miaka ya nyuma, nao hatujawapata.

Kwa kipaimara, usharika umeanza kuweka akiba ya kanzu nyeupe za pamoja, za kuazimwa na kurudishwa zikiwa zimefuliwa. Mzazi hatauza mbuzi kwa ajili ya nguo ya siku moja.

Mara moja kila miezi mitatu, siku ya Jumamosi, vijana huleta nguo wasizozivaa wakabadilishana, na fundi mmoja huja na cherehani yake akawafundisha kupunguza, kuongeza, na kutia kiraka. Fundi hulipwa, kazi yake isifanywe kuwa sadaka pasipo ridhaa yake.

Tena twawafundisha kukisoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi, kionyeshacho nguo imefanyizwa kwa nini na katika nchi gani. Na kuinua nguo mbele ya mwanga, kuvuta mshono, kutazama pindo, kabla ya kutoa fedha. Kwa asiye na fedha yote mara moja, wako mafundi wanaokubali kulipwa kidogo kidogo, na kumkabidhi mtu nguo akiisha kumaliza. Huo ndio msaada mdogo tulioupata kwa ajili ya yule kijana wa shilingi 8,000. Twakiri kwamba hautoshi.

Mwisho, neno kwa walimu na wazee. Msianze jambo hili kwa kuwaaibisha vijana. Aibu ndiyo iliyowapeleka dukani, haitawarudisha. Wala msiwaambie habari ya kiasi, nanyi mmeagiza kitambaa kipya cha kamati kwa ajili ya kila sikukuu. Tufungue kwanza masanduku yetu wenyewe, tuhesabu nguo zilizomo, na tuone ni ngapi tulizozivaa tangu mavuno ya mwaka jana. Sisi tulihesabu zetu, na hesabu hiyo hatukuipenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MIKUTANO

1. Nguo uliyoivaa leo imetoka katika kitu gani, na imeshonwa katika nchi gani? Tazama ndani ya ukosi kabla ya kujibu.

2. Katika mambo matano yawazuiayo vijana, ni lipi lililo na nguvu zaidi katika usharika wenu? Wajibu vijana kwanza, wazee wasikilize.

3. Mitumba huongeza maisha ya nguo, na pia huleta taka na kuvidhoofisha viwanda. Je, mnunuzi wa kijijini kwenu afanyeje?

4. Hesabuni sare zote zilizoagizwa na vikundi vya usharika wenu katika miaka mitatu. Zimegharimu kiasi gani kwa mtu mmoja?

5. Je, yuko mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya nguo? Nani atakwenda kumtembelea?

6. Taja jina la fundi mmoja aliyekushonea nguo. Je, ulimlipa kwa wakati?

Kwa walimu: swali la tano lisipitwe kwa haraka. Likihitaji jioni nzima, lipewe jioni nzima.